Je, Ajali Ina Mwenyewe?

Habari ya magari kugongana inapofika barazani huja na sentensi yake. Mmoja huuliza wamekufa wangapi, wa pili hutaja jina la mahali, na wa tatu huvuta pumzi akasema kuwa ajali haina kinga. Baada ya hapo maneno huisha. Walioketi huinamisha vichwa, kahawa humiminwa tena, na mazungumzo hugeukia upande mwingine. Methali imefanya kazi yake: imeufunga mlango. Linalobaki kuulizwa ni nani aliyefungiwa nje.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa kwanza. Ajali limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni muda uliowekwa: kikomo cha deni, kikomo cha mapatano, na zaidi ya yote kikomo cha uhai, ambacho mja hakisogezi mbele wala nyuma. Waswahili walilipokea neno pamoja na maana hiyo. Hata leo mzee akisema kuwa fulani ajali yake imefika, hana haja ya kueleza kwamba hapakuwa na gari wala chombo; huenda marehemu alikufa kitandani kwake kwa uzee. Lakini lugha ikalitwika neno hilo hilo mzigo wa pili. Ajali ikawa pia tukio: jahazi kupasuka, mkwezi kuanguka mnazini, lori kuingia katika umati. Hivyo neno moja linabeba mambo mawili, kikomo alichokiweka Mungu na msiba uliopitia mikononi mwa watu. Kutoka hapo ni hatua fupi mno kudhani kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Gharama ya dhana hiyo huonekana vyema zaidi katika njia panda ya mashambani. Mahali hapo si pa magari peke yake. Barabara mbili zinapokutana magari hupunguza mwendo, na magari yanapopunguza mwendo mnunuzi hupatikana. Mwenye mboga hutandika gunia lake, mwenye mahindi huwasha jiko, vijana wa bodaboda hupanga pikipiki zao, na matatu husimama kushusha na kupakia. Soko huifuata barabara kwa sababu riziki imepita pale. Na kila anayesimama pale amemwamini mtu asiyemjua: dereva ajaye, ambaye hajaonekana bado.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, Kaunti ya Kericho nchini Kenya, lori lililobeba kontena liliiacha njia yake likaingia katika matatu, pikipiki, wachuuzi na wapita njia. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha na zaidi ya 30 walijeruhiwa. Mvua kubwa iliwatatiza waokoaji. Katika siku zilizofuata serikali ilitangaza kuwa wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu. Na kote nchini, Bara na Pwani, neno lililotamkwa lilikuwa ajali.

Haifai kulidharau neno hilo pale linapotamkwa na mfiwa. Mama aliyempoteza mwanawe katika njia panda kama ile huandamwa na adui mmoja, na jina la adui huyo ni lau: lau ningemchelewesha kidogo, lau ningempa kazi nyingine jioni ile, lau asingesahau nauli akarudi kuifuata. Lau haina mwisho, na humla mtu hata akamalizika. Imani ya kuwa uhai una kikomo chake humfunga adui huyo mdomo. Humwambia mama kwamba kuchelewa kwake au kuwahi kwake hakukuwa ufunguo wa kaburi. Hii ni rehema kubwa, na kizazi kilichoipoteza bado hakijapata kitu cha kuweka mahali pake.

Lakini maneno hayo hayo hutoka katika vinywa vingine. Mwenye lori aliyeambiwa kuwa breki zimelika na akajibu kwamba zitatengenezwa safari ijayo, naye husema ajali haina kinga. Askari aliyeliona gari bovu akalipungia mkono lipite, naye husema. Ofisi iliyopokea malalamiko ya wanakijiji kuhusu njia panda yao na kuyaweka kabatini, nayo hutuma rambirambi na kusema. Hata sarufi huwasaidia, kwani husemwa kuwa breki zilikataa, kana kwamba breki zina hiari ya kukubali na kukataa. Hawa wanakunywa dawa iliyoandikiwa mtu mwingine. Anachokitumia mfiwa ili aweze kulala, wao wanakitumia ili wasiamshwe.

Mtu anaweza kudai kuwa kuwauliza watu hao ni kuipinga kadari. Madai hayo hayana nguvu hata mbele ya wale walioiamini kadari kuliko wote. Inasimuliwa kuwa Khalifa Umar bin Khattab alisafiri kuelekea Sham, na njiani akaletewa habari kwamba tauni imeingia huko. Alishauriana na wenzake, kisha akaamua kurudi. Abu Ubayda bin Jarrah akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa naam, wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshukia bonde lenye pande mbili, upande wa majani na upande mkavu; popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari. Mchungaji hatendi dhambi kwa kuchagua majani, wala hawezi kuwaacha wanyama wafe upande mkavu kisha akaisingizia kadari.

Kisa hiki kina uzito kwa sababu kinaigeuza hoja yote. Kama kila kitu kimo ndani ya kadari, basi fundi anayekaza breki naye yumo ndani yake, na kibao cha barabarani kimo, na kijana anayemwambia dereva apunguze mwendo yumo. Kadari haikai upande wa uzembe peke yake. Asemaye kwamba gari lililoharibika liliua kwa kadari lakini haoni kadari katika mkono ambao ungelitengeneza, ameikata kadari vipande viwili akachukua kile kinachompendeza.

Watu wa visiwani wana sababu ya kulifahamu jambo hili bila ya kufundishwa. Nahodha wa jahazi haianzi safari kwa dua peke yake. Hutazama kalafati, hupima shehena, huangalia mawingu, na baada ya hayo ndipo huomba salama. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama kati ya Unguja na Pemba ikiwa na abiria kupita uwezo wake, neno ajali lilisikika nyumba hadi nyumba, na kila nyumba ya msiba ilikuwa na haki nalo. Lakini abiria walikuwa wa kuhesabiwa gatini, kabla ya kamba kufunguliwa. Hesabu hiyo haikuwa ya Mungu kuwafanyia watu. Barabara haina tofauti na bahari katika hili, ila kwamba barabarani kila mwenye leseni ni nahodha, na wengi wao hawajui kuwa ni manahodha.

Kuna kosa la upande wa pili, nalo ni hasira. Watu wanapokataa kuambiwa kuwa hakuna mwenye ajali, mara nyingi hutafuta mmoja wa kumvika yote. Huyo karibu kila mara ni dereva, kwa kuwa ndiye aliyeonekana. Hapa yafaa kuwasikiliza wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliojibizana mwaka 1976 kuhusu nafasi ya bahati katika maadili. Nagel alitoa mfano wa dereva aliyepuuza kukaguliwa breki zake. Mfano huo waweza kukunjuliwa hivi: wapo madereva wawili, breki zao mbovu sawasawa, uzembe wao mmoja. Wa kwanza anafika njia panda, hakuna mtu. Anapita, anafika nyumbani, anakula na kulala. Wa pili anafika njia panda wakati watoto wanavuka. Dunia inamwita wa pili muuaji, na wa kwanza haimwiti chochote. Kosa lilikuwa moja. Kilichotofautiana ni nani aliyekuwa barabarani.

Mfano huo huchukuliwa mara nyingine kuwa ni utetezi wa dereva wa pili. Wenye kuutafakari vizuri wataona kuwa ni mashtaka ya dereva wa kwanza. Yule aliyefika nyumbani salama hakuwa mwema. Alikuwa hajakutana na mtu tu. Kwa hiyo mwenye ajali hupatikana kabla ya ajali kutokea. Hupatikana asubuhi, uani mwa gari, mbele ya gurudumu lililojulikana kuwa bovu. Kinachotokea jioni katika njia panda hufichua tu umiliki uliokuwapo tangu asubuhi.

Williams alikwenda mbali zaidi. Alimtazama dereva wa lori asiye na kosa lolote, ambaye hata hivyo amemgonga mtoto. Watu watamzunguka wamwambie kuwa hakufanya kosa, na watakuwa wamesema kweli. Lakini akiyapokea maneno hayo upesi mno, akajifuta vumbi na kuondoka kama mmoja wa watazamaji, watu hao hao watamshangaa. Wanajua kuwa kuna kitu kinachomhusu yeye kisichomhusu mtazamaji, ingawa hawana jina lake.

Jina hilo halikukosekana kila mahali. Kurani, katika Sura ya An-Nisaa, imemtaja aliyeua kwa kukosea mbali na aliyeua kwa kukusudia. Hakuitwa muuaji wa makusudi, wala hakuambiwa kuwa ni ajali basi aende zake. Amewekewa mambo mawili. La kwanza ni diya, haki ya jamaa wa marehemu. La pili ni kafara: kumwacha huru mtumwa, na asiyepata, kufunga miezi miwili mfululizo. Diya ni kati yake na watu. Saumu ni kati yake na Mola wake. Siku sitini za njaa si adhabu ya mkosaji wa makusudi. Ni nafasi aliyopewa mtu mwenye uzito moyoni ili ausimamishe mahali, autazame, na siku moja aweze kuutua. Na limo jambo jingine ndani ya hukumu hiyo: jamaa wanaweza kusamehe diya, wakaifanya sadaka. Msamaha ni mali yao. Mwenye kosa anapotangulia kusema kuwa yote ni kadari, amejisamehe kwa mali ya wengine.

Uzito wa hoja hii ulionekana mbali sana na Pwani, lakini katika mahali pa namna ile ile: njia panda ya mashambani, huko Saskatchewan nchini Kanada. Tarehe 6 Aprili 2018 basi lililochukua watu 29 wa timu ya vijana ya hoki ya barafu kutoka mji wa Humboldt lilikuwa safarini kwenda kwenye mchezo. Lori lenye matela mawili ya mboji lilipita kibao cha kusimama na kuingia njiani mwa basi hilo. Watu 16 walikufa, 13 walijeruhiwa. Dereva wa lori hakuwa amelewa wala hakuwa akizungumza na simu. Alipofikishwa mahakamani Januari 2019 alikiri mashtaka yote, akiwaepusha wafiwa na majeruhi na kesi ndefu ambayo ingewafufulia kila kitu. Mwezi Machi alihukumiwa kifungo cha miaka 8. Baadhi ya wafiwa walimsamehe hadharani. Wengine walisema hawawezi. Wote walikuwa wakitumia haki iliyo yao.

Mtu huyo aliibeba sehemu yake bila kupunguza. Lakini je, alikuwa peke yake? Alikuwa na wiki chache tu katika kazi hiyo, na mafunzo aliyopewa yalikuwa mafupi. Katika njia panda hiyo hiyo watu 6 wa gari moja walikuwa wamekufa mwaka 1997. Baada ya msiba wa 2018 wakaguzi walipendekeza, miongoni mwa mengine, kuondolewa kwa miti iliyokuwa ikiziba macho ya madereva. Mwaka 2019 jimbo hilo liliweka sharti la mafunzo ya si chini ya saa 121.5 kwa anayetaka leseni ya malori makubwa. Kila moja ya hatua hizo ni ungamo lisilotiwa sahihi. Anayekata mti baada ya msiba amekiri kuwa mti ule ungeweza kukatwa kabla.

Hivyo ajali ina wenyewe, na ni wengi. Wingi wao haumpunguzii mmoja wao chochote. Lawama haigawanywi kama mkate, kila mmoja akapata kipande chembamba na kukimeza; dereva ana lake zima, mwenye gari ana lake zima, na mwenye barabara ana lake. Agizo la kuwaondoa wachuuzi kando ya barabara huenda likawa na hekima ndani yake, kwani ni kweli kwamba pale ni pa hatari. Lakini likiwa ndilo agizo pekee linalosikika, maana yake ni kwamba katika wote waliokuwapo njia panda, aliyetakiwa kubadilika ni mwenye gunia la mboga. Kinga imeagizwa itoke kwa mtu mwenye kinga ndogo kuliko wote.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalofichwa zaidi na neno ajali. Mahakama ya Kanada ilihesabu mashtaka 29: ya vifo 16, na ya majeraha 13. Waliojeruhiwa walisomwa mmoja mmoja kama waliokufa. Barazani haiwi hivyo. Barazani huulizwa wamekufa wangapi. Majeruhi hutajwa kwa jumla mwishoni mwa habari, kama chenji. Ilhali wao ndio wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka, na kati ya milioni 20 na milioni 50 hujeruhiwa wasife.

Sasa maana ya kwanza ya neno na irudiwe. Aliyekufa katika njia panda, imani yasema, ajali yake imefika. Aliyejeruhiwa ajali yake haijafika. Ndiyo sababu yu hai. Basi kilichomfika ni nini? Kwa maana ya asili ya neno, huyu hakufikwa na ajali kabisa. Alifikwa na breki, na mwendo, na kibao kilichopuuzwa, na mti uliozuia macho. Na kinachomngoja si kikomo bali siku: siku za bendeji, siku za magongo, siku za kumtazama mwanawe akiacha shule ili ashike biashara iliyokuwa ya mzazi. Siku hizo zimewekwa mikononi mwa watu. Methali isemayo kuwa ajali haina kinga haimgusi, kwa maana yeye anahitaji kinga sasa hivi, leo, na inawezekana kupatikana.

Mafakihi wa zamani walilijua hilo. Hawakuandika juu ya roho peke yake, walihesabu viungo. Jicho moja au mkono mmoja waliupa nusu ya diya, kidole sehemu ya kumi. Hesabu hiyo huweza kuonekana kavu kwa msomaji wa leo, lakini ndani yake mna heshima: kidole cha mtu kimetazamwa, kimetajwa, kimeambiwa kuwa kina mdai. Sheria za leo zinazomlazimisha kila mwenye gari kukata bima kwa ajili ya wengine atakaowadhuru zina asili moja na hesabu hiyo. Huvunjika pale bima inapokatwa ili kumridhisha askari barabarani, na mwenye mguu uliokatika akazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka achoke kudai.

Siku ya hitima Kurani husomwa, wali huliwa, na jamvi hukunjwa. Wanaorudi makwao husema tena kuwa ajali haina kinga, na kwa yule aliyezikwa wamesema kweli iwatoshayo. Lakini katika wodi fulani, au katika chumba cha nyuma cha nyumba ya njiani, yupo aliyekuwa njia panda saa ile ile, anayejifunza kuketi. Hajui kama mwenye lori amelitengeneza. Hajui kama kibao kimewekwa. Anamsikia mtu akibisha hodi na anangoja kujua ni nani, kwa kuwa tangu jioni ile hakuna hata mmoja wa wenye ajali aliyefika kumpa pole na kumuuliza jina lake.